Usilipie kwa njaa

Wadogo zangu, leo tuzungumze jambo ambalo wengi mnalificha hata kwa shoga wa karibu: kula mpaka unashindwa kujizuia.

Asubuhi umetoka na chai ya rangi tupu. Mchana umesema umeshiba. Usiku, watu wamelala, umesimama jikoni unachota kiporo cha wali kwenye sufuria kwa mkono, harakaharaka, hata utamu huusikii. Tumbo linauma na bado unakula. Kisha unafukia makaratasi ya biskuti chini kabisa ya pipa la taka, unakwenda kulala ukijichukia.

Mdogo wangu, huo si ulafi, ni ugonjwa. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliupa nafasi yake katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili, na Shirika la Afya Duniani nalo linautambua. Kushiba kupita kiasi siku ya Idi au harusini ni jambo jingine. Daktari huuliza kama hali hii inakupata walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, huku ukihisi huwezi kuacha. Huwapata wanene na wembamba, wanawake na wanaume.

Wengi mnadhani dawa yake ni kujinyima zaidi, na hapo ndipo mnapoumia. Mwili ulioshinda na njaa huja kudai haki yake usiku. Ukishakula mno unaona aibu, aibu inakufanya ushinde na njaa tena kesho, na usiku mambo ni yaleyale. Akitokea shangazi wa kukupokea shughulini kwa "Mh, umenenepa!" mbele za watu, kidonda kinatoneshwa.

Kwa hiyo anza kwa kula. Kula asubuhi, mchana na jioni, na vitafunwa katikati. Usipitishe muda wa saa nne hivi bila kitu tumboni. Pakua kwenye sahani, ukae. Usiku ukiteleza, kesho yake kunywa chai na chapati yako kama kawaida, usilipie kwa njaa. Weka daftari uandike saa, ulichokula na ulichokuwa ukihisi kabla: upweke, ugomvi, mawazo ya kodi. Mzani uweke kando kwanza.

Tiba ya mazungumzo, ile inayokusaidia kubadili fikra na mazoea, imewainua wengi. Nenda idara ya afya ya akili, iwe Muhimbili, Mathari au hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, useme: "Nakula kupita kiasi na nashindwa kujizuia." Ukijibiwa "punguza kula tu," tafuta daktari mwingine. Kama unajitapisha, unatumia dawa za kuharisha au unawaza kujidhuru, nenda leo.

Nanyi mtakaoambiwa siri hii, msifunge kabati wala msihesabu chapati zake. Ketini naye, mle pamoja, na siku ya kliniki msindikizeni.