SOMO LA MWEZI HUU: KAMPUNI YENYE MLANGO MMOJA WA SIMU ZOTE

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kutumia meseji za simu kuwapa wanachama khabari za bei, siku za kupokelewa karafuu kituoni, na mikutano ya matawi. Kabla ya kunyanyua mkono kukubali au kukataa, yatupasa tujue kazi hii hufanywa na nani, amekuaje mpaka akawa mkubwa, na faida yake huipata wapi. Ndilo somo letu la leo.

1. Shida Iliyokuwapo

Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulipelekwa huko Uingereza tarehe 3 Desemba, 1992. Mtu mmoja kumpelekea mwenziwe ni jambo jepesi. Lakini chama kikitaka kuwapelekea watu 2,000 kwa saa moja, mambo hugeuka. Wanachama hawamo katika mtandao mmoja: huyu yumo Vodacom, yule Airtel, mwingine Yas, Halotel au TTCL. Hapo zamani aliyetaka kuwafikia wote ilimbidi aende kwa kila kampuni ya simu, afanye nayo mkataba, kisha aunganishe kompyuta zake na mitambo yake. Benki iliweza. Chama kidogo hakikuweza.

2. Mlango Mmoja

Mwaka 2010, mjini Nairobi, Samuel Gikandi na wenziwe walianzisha kampuni iitwayo Africa's Talking. Taabu ile ya kwenda kwa kila kampuni ya simu waliichukua wao, kisha wakafungua mlango mmoja. Mwenye duka, skuli au chama huunganisha programu yake na mlango huo mara moja tu, na ujumbe wake hufika katika mitandao mbali mbali. Hulipa kwa kila ujumbe; akipeleka kumi hulipia kumi.

Husemwa kwamba kazi za namna hii hufanyika "winguni". Neno hili lisitutishe. Maana yake ni kuwa mteja hanunui mtambo wala hajengi chumba cha kuuweka. Mitambo iko mbali kwa wengine, naye huitumia kwa intaneti na kulipia alichotumia. Ni kama kukodi lori la kuchukulia magunia badala ya kununua lori lako.

Kwa mlango huo huo kampuni iliongeza simu za sauti, vocha, na huduma za nyota na reli, zile ambazo hufanya kazi hata katika simu ndogo isiyo na intaneti. Kutoka Kenya ikaingia nchi nyingine, zikiwamo Uganda, Rwanda, Malawi na Tanzania. Mwaka 2018 ilipata mtaji wa dola milioni 8.6, na aliyeongoza watoaji alikuwa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia.

Wala si Afrika peke yake. Kampuni ya Infobip ilianza mwaka 2006 katika mji mdogo wa Vodnjan, nchi ya Kroatia, na mwaka 2020 ikapata mtaji uliozidi dola milioni 200. Twilio ya Marekani ilianza mwaka 2008, na mwaka 2016 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la New York.

Siri ya kukua kwao sisi tunaijua zamani. Pishi ya mtu mmoja haina nguvu sokoni; zikikusanywa pishi za watu elfu, mnunuzi hukaa kitako akasikiliza. Makampuni haya yamekusanya jumbe za wadogo wengi, yakaenda nazo kwa wenye mitandao kama mzigo mmoja. Tofauti ni moja: katika ushirika faida hurudi kwa wenye pishi, na katika kampuni hurudi kwa wenye hisa. Hiyo si lawama, ni biashara. Lakini anayenunua na ajue.

3. Tuangalie Maguu

Ili tupime faida yake, tutoke visiwani twende kwa wakulima wenzetu wa bara, ambao nao hutegemea zao moja la kuuza. Maguu imo wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, katika milima ya Wamatengo, watu wanaosifika kwa kilimo cha ngoro katika miteremko mikali. Kutoka milima hiyo nchi huteremka magharibi mpaka Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Zao lao la fedha ni kahawa, nayo ikishachumwa mbivu yataka kumenywa siku ile ile, kama karafuu zetu zisivyongoja mvua zikiwa majamvini.

Tuseme mashine ya kumenyea imeharibika leo asubuhi. Mkulima asiyejua atachuma, atajitwika, atapanda na kushuka mlima, kisha akute mlango umefungwa na kahawa ianze kuchacha. Ujumbe mmoja ungemwokolea siku na mazao.

Lakini milimani mawimbi ya simu hukatika bondeni, na betri huisha. Hapa ipo tofauti ya kukumbukwa. Meseji, simu ikiwa imezimwa, husubiri katika mtambo mpaka iwashwe, ingawa haisubiri milele. Huduma ya nyota na reli haisubiri. Mawimbi yakikatika, mazungumzo yamekwisha. Basi khabari ya kutangazwa yafaa meseji, na mkulima mwenye kutaka kuuliza mwenyewe yamfaa nyota na reli.

4. Mambo ya Kuangaliwa

Kwanza, gharama. Ujumbe mmoja huchukua herufi 160, pamoja na nafasi na vituo. Ikizidi moja tu, huhesabiwa jumbe mbili. Kwa watu 2,000 tutalipia 4,000. Salamu ziwe fupi.

Pili, jina. Jina linalotokea juu ya meseji si ushahidi wa aliyeipeleka. Matapeli wa "ile pesa itume kwenye namba hii" wanaujua msimu wetu vizuri. Chama kisimwombe mwanachama fedha wala namba ya siri kwa meseji, na kila mtu alijue hilo tangu mwanzo.

Tatu, daftari. Majina na namba zetu ni mali. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mkataba wowote useme wazi kuwa daftari ni la Chama, halitauzwa, na likitakiwa litarudishwa.

Nne, wasio na simu. Wapo wazee, na wapo wanawake wachumaji ambao simu ya nyumba iko mfukoni mwa mume. Tangazo la ubaoni lisiondoshwe.

Maswali ya kuzungumza matawini:

1. Ni khabari gani tatu ambazo zikichelewa hututia hasara?
2. Nani katika tawi apewe idhini ya kupeleka ujumbe, na nani amkague?
3. Wasio na simu watasomewa na nani, na siku gani?

Majibu yaletwe kwa maandishi kabla ya mkutano mkuu, ili siku ya kunyanyua mikono tuwe tumekwisha fikiri.

Wasalaam,
Katibu wa Chama