Okidi Nyingi Hazifi kwa Kiu, Hufa kwa Maji

Leo tuanze na swali dogo: kwa nini okidi nyingi zinazoletwa nyumbani kama zawadi hufa mapema, wakati wenyewe wanazimwagilia kila siku? Jibu liko ndani ya swali lenyewe. Zinakufa kwa sababu zinamwagiliwa kila siku.

1. Ijue kwanza

Tunazungumzia Phalaenopsis, jina la Kigiriki lenye maana ya "mfano wa nondo", maana ua lake hufanana na nondo aliyekunjua mabawa. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, kama ile ya Ufilipino na Indonesia. Zile fupi za kuweka mezani ni chotara, na nyingi zina damu ya Phalaenopsis equestris, okidi ndogo ya Ufilipino.

Kule kwao haioti ardhini. Inashika matawi ya miti na mizizi inabaki hewani. Si kimelea, haunyonyi mti, inapanga tu pale. Mvua ikinyesha mizizi inalowa, upepo ukipita inakauka.

Wanafalsafa wa Zama za Kati walikuwa na kanuni: tendo la kitu hufuata jinsi kitu kilivyo. Sasa chukua mizizi iliyozoea hewa, uifukie kwenye udongo uliolowa. Itaoza. Mizizi ikioza haiwezi kunyonya maji, majani yanalegea, nawe unadhani ina kiu. Unaongeza maji! Hapo ndipo unaimaliza kabisa.

2. Ipe makao yake

Usitumie udongo wa bustani. Tumia vipande vya magome ya miti, ukichanganya na mkaa kidogo, kwenye chombo chenye matundu chini. Cha plastiki inayoonyesha ndani ni kizuri, utaiona mizizi. Badilisha magome kila baada ya miaka 2 hivi, maana yakioza yanaziba hewa.

3. Maji: isikilize mizizi

Mizizi ikiwa ya kijani, bado ina maji, iache. Ikiwa na rangi ya kijivu kama fedha, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha yaache yachuje yote. Yasibaki kwenye kisahani, wala katikati ya majani. Mara nyingi itakuwa kama mara 1 kwa wiki, lakini mizizi ndiyo iamue, si kalenda.

4. Mwanga

Dirisha la mashariki linafaa sana. Jua laini la asubuhi ni sawa, lile la mchana linaunguza majani. Majani yakiwa ya kijani kilichokolea mno, mwanga hautoshi na maua yatakuwa shida.

5. Maua yakianguka, usiitupe

Maua hukaa miezi 2 hadi 3, halafu huanguka. Wengi hudhani imekufa, kumbe inapumzika. Kama kikonyo bado ni kibichi, kikate juu kidogo ya kifundo cha 2 au cha 3 kutoka chini. Huenda kikachipua tena. Kikikauka, kiondoe chote. Endelea kuipa mbolea iliyozimuliwa sana. Usiku wenye ubaridi wa nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, kwa wiki kadhaa, ndio unaoiamsha kutoa kikonyo kipya. Walioko Arusha wanaupata wenyewe Juni na Julai. Walioko Dar es Salaam wawe na subira zaidi.

Zoezi la wiki hii

Kwa siku 3, kabla hujagusa maji, iangalie tu mizizi na uandike rangi yake. Usifanye kingine. Utagundua kwamba kutunza huanza kwa kutazama: mwenye huruma asiyetazama anaweza kuua akidhani anaokoa. Na hilo, vijana, si la okidi peke yake.