Ngwini Kaisari: Baba Alindaye Yai Barafuni

Muhula uliopita niliandika katika insha yangu kwamba dubu mweupe humla ngwini. Mwalimu alipiga duara kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Walikutana wapi?" Nilichekwa kweli kweli! Kumbe dubu yule huishi kaskazini kabisa mwa dunia, na ngwini kaisari huishi kusini kabisa, Antaktika. Kuuliza si ujinga, basi nikaenda maktabani. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, umbo na chakula. Ngwini ni ndege ingawa haruki. Kaisari ndiye mkubwa kuliko ngwini wote: kimo chake hupita mita 1, na uzito waweza kufika kilo 40. Huweza kuzamia zaidi ya mita 500 akitafuta samaki, ngisi na viumbe wadogo wanaofanana na uduvi wetu wa Pwani. Uduvi hao ndio ugali wa bahari ile. Nyangumi, sili na ndege wengi huwategemea.

Pili, ulezi. Mnamo Mei au Juni, baridi ikianza kukaza, mama hutaga yai moja tu juu ya barafu ya bahari. Humkabidhi baba, naye huyo, anakwenda zake baharini kula. Baba huliweka yai juu ya miguu yake na kulifunika kwa ngozi ya tumbo. Huliatamia kwa siku 65 hivi bila kula chochote! Ukijumlisha na siku za uchumba, hufunga kwa siku 115 hivi. Baridi huweza kupita nyuzi 40 chini ya sufuri. Madume hubanana pamoja na kupokezana nafasi ya katikati penye joto. Umoja ni nguvu, jamani, si mchezo.

Tatu, hatari. Manyoya laini ya kifaranga hayazuii maji. Barafu ikivunjika kabla hajaota manyoya ya kuogelea, atazama au atakufa kwa baridi. Mwaka wa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, barafu ilivunjika mapema. Picha za setilaiti zilionyesha kwamba makundi manne kati ya matano yaelekea yalipoteza vifaranga vyote. Wanasayansi wanaonya kuwa dunia ikizidi kupata joto, misiba kama hiyo itaongezeka.

Hebu fikiria: baba amevumilia njaa siku zote hizo, kisha sakafu inayeyuka chini ya mtoto wake. Mwenzangu mmoja aliniuliza, "Sasa hiyo inatuhusu nini sisi?" Nilimjibu hivi: moshi unaoipasha dunia joto hauna mpaka, wala hauulizi pasipoti. Tusome, tujue, ndipo tutakaposema la maana.

Jipime:
1. Kwa nini dubu mweupe hawezi kumla ngwini kaisari?
2. Baba huatamia yai kwa siku ngapi?
3. Barafu ikivunjika mapema, kwa nini kifaranga hufa ilhali mzazi huogelea?

Ukishindwa, rudi juu usome tena. Mimi nilishindwa kabla yako!