Somo la Tisa: Kauli ya Kutendana katika Maelezo ya Kazi za Kikundi

Katika somo lililotangulia tulichunguza kauli ya kutendea. Sasa tunaingia katika kauli ya kutendana, ambayo hujengwa kwa kiambishi -an-. Mwalimu mtarajali atakayefundisha Arua, Koboko au popote West Nile ataihitaji mara nyingi, kwa kuwa darasani mwake huenda wakaketi bega kwa bega watoto wa wenyeji na watoto waliovuka mpaka kutoka Sudan Kusini na Kongo. Akitaka kueleza uhusiano wao, atalazimika kuchagua baina ya kusaidia, kusaidiwa na kusaidiana. Uchaguzi huo ni wa sarufi, lakini pia ni wa ukweli.

Kifungu cha kusoma

Kifungu kifuatacho tumekitunga kwa ajili ya somo hili.

Kila Alhamisi alasiri, kikundi cha wanawake hukutana chini ya mwembe, kando ya barabara itokayo Arua kwenda Koboko. Baadhi yao ni wenyeji wasemao Kilugbara na Kikakwa. Wengine walikuja kutoka Sudan Kusini. Hutarizi milaya, yaani mashuka ya pamba yaliyopambwa kwa maua na ndege wa nyuzi za rangi. Milaya hutandikwa wageni wanapotarajiwa, na hutolewa zawadi katika harusi. Mchoro huchorwa kwanza kwa kalamu, kisha kila mshonaji hushika pembe yake. Wanawake hao huazimana sindano na huchaguliana rangi. Mmoja akiugua, wenzake humtembelea.

“Mama, pembe yangu imejikunja,” alisema msichana mmoja.

“Umevuta uzi mno, mwanangu. Fumua hadi kwenye jani, tuanze upya pamoja.”

Mama alimfundisha msichana kulegeza uzi. Msichana naye alimfundisha mama kuandika hesabu za mauzo daftarini. Hivyo walifundishana. Shuka lilipouzwa, washonaji waligawana fedha, wakaagana, wakarejea makwao.

Tanbihi kuhusu neno “milaya”

Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo limetufikia pamoja na ufundi wenyewe kutoka Sudan. Silabi mi- iliyo mwanzoni ni sehemu ya mzizi. Si kiambishi cha ngeli kama katika miti au mikeka. Kwa hiyo tunaliweka katika ngeli ya I-ZI: milaya hii imekamilika, milaya hizi zimekamilika. Tusiunde umoja “mlaya”.

A. Umbo la kitenzi

1. Kitenzi cha asili ya Kibantu kinachoishia kwa -a hupokea -an- kabla ya irabu hiyo ya mwisho: penda, pendana, azima, azimana, fundisha, fundishana.

2. Kitenzi cha mkopo kinachoishia kwa -i au -e huhifadhi irabu yake: hifadhi, hifadhiana, samehe, sameheana.

3. Kitenzi cha mkopo kinachoishia kwa -u hubadili irabu hiyo kuwa -i-: salimu, salimiana, heshimu, heshimiana.

4. Kauli ya kutendana huweza kujengwa juu ya kauli ya kutendea: shona, shonea, shoneana; chagua, chagulia, chaguliana. Katika maumbo haya mpangilio ni huu: kiambishi cha kutendea hutangulia, kisha hufuata -an-. Wanawake wanaoshoneana mashuka si kwamba wanashonana wao wenyewe. Kila mmoja anamshonea mwenzake.

B. Muundo wa sentensi

Kauli hii huhitaji watendaji wawili au zaidi, nao hutajwa kwa njia mbili:

(a) Mama na msichana walifundishana.
(b) Msichana alifundishana na mama.

Katika (a) kiima ni cha wingi, na washiriki wote wawili wamepewa nafasi sawa. Katika (b) kiima ni cha umoja, na mshiriki wa pili huletwa na kiunganishi “na”. Msimulizi amemtanguliza msichana kwa kuwa habari inamhusu yeye zaidi.

Kwa kuwa kila mtendaji ni mtendewa pia, kiambishi cha mtendwa hakihitajiki. Tunasema walisaidiana, wala si “waliwasaidiana”. Yambwa lisilokuwa mmoja wa watendaji huweza kubaki likiwa nomino: Huazimana sindano.

C. Maana na kipimo chake

Tuchunguze sentensi tatu:

(c) Wenyeji waliwahifadhi wakimbizi.
(d) Wakimbizi walihifadhiwa na wenyeji.
(e) Wenyeji na wakimbizi wamehifadhiana.

Sentensi (c) na (d) zinataja tendo moja lenye mwelekeo mmoja. Sentensi (e) inataja matendo mawili. Ili tujue kama inafaa, tuipasue: A alimhifadhi B, na B alimhifadhi A. Nusu moja ikiwa si kweli, sentensi nzima si kweli, hata kama inapendeza masikioni.

Je, (e) inapita kipimo hiki? Historia ya mpaka huu inajibu. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979, na hasa kuanzia 1980, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, wakapokewa huko kwa miaka kadhaa. Vita vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013, na tena mapigano yalipoenea kuanzia Julai 2016, njia ilikuwa ileile, ila mwelekeo uligeuka: watu walivuka kuingia Uganda, na kambi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe ikafunguliwa Agosti mwaka huo. Nusu zote mbili ni kweli. Tunajifunza pia kwamba -an- haidai matendo yatokee kwa wakati mmoja. Hapa yametenganishwa na zaidi ya miaka thelathini, na kiambishi cha wakati -me- kinayakusanya.

Hata hivyo, mwalimu asiitumie kauli hii kuficha upungufu. Ikiwa mshonaji mmoja anatoa uzi kila wiki na mwenzake hatoi kamwe, kusema “wanachangiana uzi” ni kumdhulumu yule anayetoa. Ndiyo sababu kifungu chetu kinasema wenzake humtembelea mgonjwa, wala si hutembeleana: siku hiyo mgonjwa hatembelei mtu.

D. Maumbo ya kutofautisha

Si kila kitenzi chenye sauti -ana kinaeleza utendano. Katika “nyuzi zinapatikana Arua” na “ua linaonekana”, kiambishi ni -ikan- au -ekan- cha kauli ya kutendeka. Nyuzi hazipatani zenyewe kwa zenyewe. Katika gawana, maana ni kutenda jambo kwa ushirika: fedha zimegawanywa miongoni mwa wote. Nacho kitenzi fanana, katika maana yake ya kuwa sawa, hakitumiki siku hizi bila -an-.

E. Makosa ya kuangaliwa

Katika Kiswahili cha masokoni twaweza kusikia “sisi nasaidiana” badala ya sisi tunasaidiana. Mwanafunzi asemaye hivyo asichekwe. Kiambishi -an- amekiweka mahali pake. Kilichokosekana ni kiambishi cha nafsi. Mwalimu amsifu kwa alichokipata, kisha amrekebishe kwa alichokikosa. Kosa jingine ni “wanajisaidiana”, ambapo kirejeshi -ji- na -an- vimerundikwa pamoja. Wanajisaidia na wanasaidiana ni kauli mbili zenye maana tofauti. Tena “kujisaidia” ina maana nyingine ya staha, ya kwenda haja, ambayo mwalimu hataki izuke katikati ya somo.

Zoezi

1. Geuza vitenzi hivi viwe katika kauli ya kutendana: kopesha, jibu, sifu, rudi, letea.

2. Pasua kila sentensi kwa kipimo cha sehemu C: (i) Washonaji waliagana. (ii) Jirani hawa wanaheshimiana.

3. Sahihisha: “Mama na binti waliwapendana.” Eleza kanuni iliyovunjwa.

4. Wapeleke wanafunzi wako wakazungumze na kikundi chochote cha kazi kilicho karibu na shule. Kila mwanafunzi aandike sentensi tano zenye -an-, na chini ya kila sentensi aonyeshe nani alimtendea nani. Sentensi isiyopita kipimo iandikwe upya katika kauli ya kutenda, ili aliyetoa atambulike.