Wakati Uliopita katika Kifaransa: Mdomoni na Kalamuni

Mwanafunzi aanzaye kujifunza Kifaransa hukutana mapema na jambo la kutatiza. Katika mazungumzo ya kitabuni husoma "il est arrivé". Akifungua hadithi hukuta "il arriva". Akiuliza maana, huambiwa kuwa yote mawili ni "alifika". Basi kwa nini lugha moja iwe na njia mbili za kusema jambo moja?

Mimi mwenyewe nililipa gharama ya kutojua jibu. Nilipokwenda Ufaransa kwa masomo ya udaktari, Kifaransa changu kilikuwa kimetoka zaidi katika riwaya kuliko katika midomo ya watu. Siku ya pili nilimwambia mama mwenye nyumba niliyopanga: "J'arrivai hier", yaani nilifika jana. Alicheka hata akaweka kikombe chini. Kisarufi sikuwa nimekosea hata herufi moja, lakini nilikuwa nimezungumza kama kitabu.

Kwa mwanafunzi wa Tunduma, mkoani Songwe, jambo hili si la mtihani peke yake. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam huvuka hapo kuingia Nakonde, Zambia, na mengine huendelea hadi Kasumbalesa na Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa. Kijana atakayefanya kazi ya wakala wa forodha yampasa aweze kusoma hati na pia kuzungumza na mwenye mzigo.

Hebu tuchukue mfano. Mwandishi wa hadithi ataandika: "Le camion arriva à la frontière. Il pleuvait. Le chauffeur descendit et montra ses papiers." Maana yake: Lori lilifika mpakani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Dereva akashuka, akaonyesha hati zake. Dereva huyo huyo akimsimulia mwenzake atasema: "Le camion est arrivé, il pleuvait, je suis descendu et j'ai montré mes papiers."

Msomaji ataona kwamba "pleuvait" haikubadilika. Huo ni wakati uitwao imparfait, ambao huonyesha hali iliyokuwa ikiendelea, nao hutumika mdomoni na kalamuni sawasawa. Kilichobadilika ni vitenzi vya matukio. Maandishi yametumia passé simple, yaani wakati uliopita sahili, wenye neno moja tu. Mazungumzo yametumia passé composé, wakati uliopita ambatani, uundwao kwa kitenzi kisaidizi "avoir" (kuwa na) au "être" (kuwa).

Hapa ndipo wanafunzi wetu wengi hupotea. Kwa kuwa wamezoea -me- na -li-, hudhani kuwa passé composé ni -me- na passé simple ni -li-. Ulinganisho huo hauelekei. Katika Kifaransa cha mazungumzo, "il est arrivé" ni "amefika" na pia ni "alifika". Muktadha ndio uamuao. Isitoshe, -li- yetu mara nyingine hutafsiriwa kwa imparfait: "alikuwa mgonjwa" ni "il était malade". Kama passé simple ina ndugu katika Kiswahili, kwa maoni yangu ni -ka- ya masimulizi, ile isukumayo hadithi mbele tukio baada ya tukio. Tofauti ni kwamba -ka- yetu ingali hai midomoni mwa watu, wala haijakimbilia vitabuni.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 17 Wafaransa walizungumza kwa nyakati zote mbili, na wanasarufi waliweka kanuni ya saa 24. Sarufi ya Port-Royal, iliyotolewa mwaka 1660 na Arnauld na Lancelot, ilifundisha kuwa passé simple ni ya mambo ya jana na kurudi nyuma, na ya leo yasemwe kwa passé composé. Kabla ya hapo, mwaka 1638, Akademia ya Ufaransa ilikuwa imemkosoa Corneille, mtunzi wa tamthilia ya Le Cid, kwa sababu mhusika wake alitumia passé simple kwa tendo ambalo usiku ulikuwa haujapita tangu litendeke!

Msomaji wa Songwe asishangae sana. Ng'ambo ya mpaka, Chibemba kina nyakati zilizopita nne, kama alivyoeleza Talmy Givón mwaka 1972: la saa chache zilizopita, la mapema leo, la jana, na la kabla ya jana. Kanuni ambayo Wafaransa waliipoteza, majirani zetu wanayo, tena kwa ukamilifu zaidi.

Waliipotezaje? "J'ai écrit une lettre" ilianza kwa maana ya "nina barua iliyoandikwa", yaani hali ya sasa itokanayo na tendo lililokwisha. Polepole maana hiyo ikasogea: kwanza matendo ya leo, kisha ya jana, hatimaye ya wakati wowote. Passé simple, yenye maumbo magumu kama "nous arrivâmes", ikabaki katika hadithi, historia na wasifu. Mwaka 1959 mwanaisimu Émile Benveniste alieleza kuwa passé simple ni ya historia, ambamo matukio hujisimulia, na passé composé ni ya mtu anayesema na mwenzake. Ndiyo maana Albert Camus alipoandika L'Étranger (1942) karibu yote kwa passé composé, wasomaji waliona jambo geni.

Je, Kiswahili kimo njiani? Kiambishi -me- nacho hufikiriwa kuwa kilitokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Leo husikika mara nyingi, "Amefika jana." Walimu hulipiga mstari mwekundu, nami katika insha hufanya vivyo hivyo. Lakini simwambii mwanafunzi kuwa ni ujinga, kwa maana ndiyo hatua ile ile waliyoipiga Wafaransa.

Mwalimu aweza kuanza somo kwa zoezi hili. Kila mwanafunzi aulize nyumbani, kwa Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali au lugha nyingine aijuayo, jinsi ya kusema: "Nimelima leo asubuhi", "Nililima jana", "Nililima mwaka juzi". Sentensi tatu ziandikwe ubaoni, na darasa litafute ni kiungo kipi cha kitenzi kilichobadilika. Baada ya hapo ndipo Kifaransa kiletwe.