Mcheza kwao hutunzwa: maswali na majibu kuhusu uhalisi wa midundo ya ngoma Arua na Koboko

Walimu wa muziki, viongozi wa vikundi vya ngoma na wazazi wa West Nile huuliza jambo moja kwa namna nyingi: mdundo huu tunaoambiwa ni wa mababu, ni wa mababu kweli? Swali ni zito, kwa sababu watoto wanafundishwa, wageni wanalipa, na wazee wanaoweza kujibu wanapungua. Haya ndiyo maswali yanayorudi mara nyingi, na majibu yangu.

Mwalimu, tutajuaje kwamba mdundo fulani ni wa asili?

Msianze na umri wake. Ulizeni unapigwa wapi, kwa tukio gani, na nani ana haki ya kumkosoa anayeupiga. Mdundo ulio hai una wenyewe. Mpigaji akikosea msibani, waimbaji huacha kuitikia, wachezaji hupoteza hatua, na mzee humwambia ampishe mwingine. Mdundo ambao hakuna mtu popote anayeweza kusema "hapo umekosea" una shaka, hata kama bango limeuita wa kale. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwao huko ndiko anakokosolewa pia, na kukosolewa huko ndio ushahidi ninaouamini.

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2009, unaelekea huko huko. Unasema urithi wa aina hii hurithishwa kizazi hadi kizazi na huumbwa upya daima na jamii zenyewe. Mwaka 2004 wataalamu waliokutana Nara, Japani, walieleza katika Tamko la Yamato kwamba dhana ya uhalisi inayotumika kwa majengo na vitu vya kale haifai kupimia urithi ulio hai.

Lakini si afadhali kuutafuta mdundo ulivyokuwa kabla ya wakoloni?

Kabla ya wakoloni pia watu walikuwa wakisogea, wakioana na kuigana. Baadaye mipaka ndiyo iliyosogea. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likahamia Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914, mwaka ambao mji wa Arua ulianzishwa. Katika miaka hiyohiyo ibada ya maji ya Yakan ya nabii Rembe, ambaye alikuwa Mkakwa, ilipata wafuasi wengi miongoni mwa Walugbara. Ikiwa ibada nzima iliweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, mdundo ungezuiwa na nini? Anayetafuta siku ambayo ngoma ilikuwa safi, bila mkono wa jirani, hataipata.

Vijana wa Arua wanapiga mapigo yenye ladha ya Kongo na kuyaita ya Kilugbara. Huo si uongo?

Walugbara wako Uganda na wako Kongo pia. Wakakwa wamegawanyika katika nchi tatu: Koboko upande wa Uganda, Yei upande wa Sudan Kusini, na eneo la Aru upande wa Kongo. Ukisikia mwendo wa muziki wa Kongo katika gaze, ngoma ya vijana ya Walugbara, unasikia ujirani.

Kumbukeni pia uhamisho. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi sana wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire, na wengi walikaa huko miaka kadhaa. Harusi zilifungwa uhamishoni, wafu walizikwa uhamishoni. Mtoto wa Koboko aliyefundishwa kupiga ngoma na mjomba wake upande wa Yei alifundishwa ngoma ya kwao. Uongo unaanza pale mtu anapokana alikojifunza.

Na Wanubi? Ngoma yao inaweza kuitwa ya asili ya Uganda?

Ndiyo, bila kusita. Askari waliokuwa chini ya Emin Pasha walifika Wadelai, kando ya Mto Nile, katika miaka ya 1880, na wazao wao ni sehemu ya Wanubi wa leo. Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wanubi miongoni mwa jamii za asili za Uganda. Doluka, ngoma ya wanawake wa Kinubi inayochangamsha harusi, ina kila kitu nilichotaja mwanzoni: tukio lake, mavazi yake, waimbaji wake, na akina mama wasiomwachia msichana apige ovyo. Haihitaji kuwa na miaka elfu moja.

Shuleni tunafundishwa agwara kwa mpangilio mmoja tu. Je, huo ndio sahihi?

Ni sahihi kwa jukwaa. Agwara inabeba jina la baragumu zake ndefu. Wapulizaji hupokezana sauti, huyu akiingia pale mwenzake alipoacha, mpaka wimbo ukamilike, huku ngoma zikishika mwendo. Katika sherehe inaweza kuendelea kwa muda mrefu, watu wakiingia na kutoka.

Jukwaa lina amri zake. Kikundi cha taifa cha Heartbeat of Africa, kilichoundwa miaka ya 1960 baada ya uhuru, kilizikusanya ngoma za makabila mbalimbali na kuzipangia mwanzo, kilele na mwisho ili mtazamaji aliyekaa kitini azifuate. Ndere Troupe, iliyoanzishwa mwaka 1984, imeendeleza kazi hiyo kwa ufundi mkubwa. Mashindano ya shule nayo yana dakika zake na majaji wake. Kazi hizi zimewafanya Waganda wengi wazijue ngoma za West Nile, nami naziheshimu. Ila mpangilio wa mashindano ukirudi kijijini na kumwambia mzee kwamba yeye ndiye anayekosea, hapo tumepindua mambo.

Wengine wanasema Afrika Magharibi wamehifadhi midundo yao vizuri kuliko sisi. Ni kweli?

Wamepitia njia hiyohiyo, tena mapema. Djembe ya Wamande ilipata umaarufu duniani kupitia Les Ballets Africains, kikundi kilichoanzishwa na Fodéba Keïta huko Paris na kufanywa kikundi cha taifa baada ya Guinea kupata uhuru mwaka 1958. Kijijini mdundo ulifuata tukio na wachezaji, na mpigaji kiongozi alitazama miguu ya anayecheza. Jukwaani midundo kadhaa iliunganishwa, ishara za kusimama zikawekwa, djembe zikaongezwa. Wapigaji walioibukia katika vikundi hivyo, kama Mamady Keïta aliyejiunga na Ballet Djoliba mwaka 1964, baadaye waliwafundisha wanafunzi wa Ulaya, Marekani na Japani. Leo mwanafunzi wa ng'ambo anaweza kuamini kwamba mdundo una umbo moja lisilobadilika, wakati kijiji cha pili kina umbo lake. Afrika Magharibi ina hazina kubwa. Tunachoweza kujifunza kwao ni kutenganisha waziwazi ngoma ya kijiji na ngoma ya jukwaa, kila moja ikipewa heshima yake.

Rekodi za zamani haziwezi kumaliza ubishi?

Zinasaidia sana. Klaus Wachsmann, msimamizi wa Makumbusho ya Uganda kuanzia mwaka 1948 hadi 1957, alirekodi muziki katika sehemu nyingi za nchi. Rekodi zake zimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, London, na nakala zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliandika kuhusu ngoma zao za msiba, jinsi koo zinavyoingia uwanjani kwa zamu na ushindani unavyoweza kufikia ugomvi. Kila kikundi kinachotaka kuzungumzia mababu kingefaidika kwa kusikiliza na kusoma hayo.

Hata hivyo, rekodi ni siku moja, kikundi kimoja, dakika chache. Haituambii kikundi cha kilima cha pili kilipigaje wiki hiyohiyo. Ichukueni kama shahidi mmoja, kisha mwiteni mzee awe shahidi wa pili.

Tukiandika midundo kwa nota, hatutakuwa tumeihifadhi?

Mtakuwa mmehifadhi mifupa. Mtafiti Rainer Polak, alipopima upigaji wa djembe nchini Mali, alionyesha mwaka 2010 kwamba mapigo madogo ndani ya kila hesabu hayana urefu sawa, na kutolingana huko ni sehemu ya mdundo wenyewe. Nota za kawaida huyasawazisha, na mwanafunzi anayesoma karatasi tu hupiga kitu kilichonyooka ambacho wenyewe hawakitambui. Andikeni, lakini mwanafunzi akae pia kando ya mpigaji, amsikilize na kumtazama mikono.

Kikundi chetu kilipiga mdundo wa msiba kwenye sherehe ya hoteli. Tumekosea?

Mdundo mlioupiga unaweza kuwa wa asili kabisa, na bado mkawa mmekosea kwa kutoomba. Nendeni kwa wazee wa ukoo mliojifunza kwao, muwaeleze. Kuna midundo watakayowaruhusu kuipeleka popote, na kuna itakayobaki kwa wafu. Uamuzi huo ni wao, hata kama mteja ameshalipa.

Sasa tufanye nini ili tusiwadanganye watu?

Tangazeni ukweli wote. Badala ya kusema "mdundo wa kale wa Afrika", semeni: mdundo huu tulijifunza Koboko, kwa mpigaji fulani aliyekubali tumtaje, hupigwa kwenye harusi, tumeufupisha na kuongeza ngoma mbili. Mkirekodi kwa simu, ombeni ruhusa, andikeni mahali, tarehe na tukio, kisha waachieni wenyewe nakala. Mkitumia djembe, semeni ni djembe.

Zaidi ya yote, tafuteni wanafunzi. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza muziki na ngoma ya zeze la bakuli la Wamadi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wenyewe walieleza kwamba vijana wanauona umepitwa na wakati, na kwamba baadhi ya mimea na wanyama wanaotoa malighafi ya kulitengeneza zeze hilo wako hatarini kutoweka. Hatari hiyo ni kubwa kuliko pigo moja la Kikongo lililoingia kwenye gaze. Ngoma inayobadilishwa na wenyewe itakuwa bado na wa kuisahihisha kesho. Ngoma isiyo na mwanafunzi haina, na kwa hiyo kila mwalimu wa Arua na Koboko anayempeleka mtoto kwa mpigaji mzee, akamwacha akosee na kukosolewa huko, anaulinda uhalisi kuliko sisi sote tunaoubishania.