Sukari ya kichuguu: kupika miwa nyumbani

Wamama na wababa wa koperative, mua ukishakatwa haungoji. Anayeuza kipande kwa kipande anajua: siku chache tu, mua umenyauka na bei imeshuka. Ukiupika ukawa sukari ngumu, bidhaa hiyo inakaa miezi mingi. Nchi nyingine wanaita sukari guru. Magharibi ya Kenya wanaipika sana. Mexico wanaimwaga katika vibao vyenye mashimo yaliyochongoka. Sisi tunaweza kuipa umbo la kichuguu, maana huku kwetu Lualaba vichuguu vimejaa kila mahali, na umbo hilo linapendeza kwenye meza ya arusi.

Lakini umbo ni kazi ya mwisho. Sukari inashika au inakataa kushika tangu shambani. Miwa iliyopandwa na mvua za Novemba, ukate kiangazi cha pili, miezi 18 hivi. Kata chini kabisa, kwa sababu utamu mwingi uko karibu na mizizi, na tupa ncha ya juu. Kamua siku ileile. Mua uliolala, sukari yake inageuka, na hata upike hadi usiku utabaki na uji unaonata.

Sasa sufuria. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana tuko katika nchi ya migodi. Usipikie katika pipa lililobeba asidi au dawa za kiwandani, hata kama muuzaji anaapa ameliosha mara kumi. Bati la mabanda nalo hapana: lina zinki, na maji ya miwa yana uchachu unaoitoa. Tumia sufuria nzito ya aluminiamu au ya chuma kisichoshika kutu. Na miwa yenyewe isimwagiliwe kwa kijito kinachopita kwenye takataka za kiwanda. Mteja hawezi kuona sumu kwa macho, anatuamini.

Maji lita 20 yatakupa sukari kilo 3 hadi 4. Chuja kwa kitambaa safi, weka motoni polepole. Ponda mashina ya bamia (wengine wanasema gombo), yaloweke, mimina ule mlenda wake ndani kabla maji hayajachemka. Mlenda unakamata uchafu na kuupandisha juu kama povu nyeusi, uondoe wote. Ukiacha yachemke kwanza, uchafu unarudi ndani, na sukari itakuwa nyeusi na chungu kidogo.

Kisha ongeza moto. Makala ni ghali, na misitu yetu imeshachoka. Anika makapi ya miwa, ndiyo kuni zako za kesho. Yakiwa mazito koroga bila kuacha. Dondosha tone katika maji baridi: likiwa laini, bado. Likigonga kikombe kama jiwe dogo, epua mara moja. Anayekuwa na kipimo cha joto atasoma kama digrii 118 hadi 120. Watoto wasisogee kabisa; uji huu unanata kwenye ngozi na unaunguza kuliko maji ya moto. Ndoo ya maji baridi iwe karibu.

Piga kwa mwiko mpaka rangi ififie na uji uanze kuonyesha chembechembe. Kwa umbo, jani la mgomba linatosha: lipitishe juu ya moto lilegee, likunje kama pembe, lisimamishe katika mchanga mkavu, ncha chini. Anayetaka mapambo achonge kibao, akiloweshe maji kabla ya kumimina ili sukari isishikamane. Tone la mistari ya jani linabaki juu ya sukari, na kwangu mimi hilo linashinda nakshi ya kibao.

Ikipoa, funga katika jani kavu, weka mahali pasipo na moshi wala unyevu. Ukipika kiangazi itakaa vizuri. Mvua zikianza, ihamishie katika chombo chenye kifuniko cha kubana. Zilizovunjika usiuze kwa bei ya hasara: zirudishe katika sufuria ya siku inayofuata.